Kota au uraiani: tulivyotafuta nyumba Tanga

Uhamisho ukitoka, rafiki zake mume wangu humuuliza anakwenda kikosi gani na mkuu wa huko ni nani. Mimi nina maswali yangu. Maji yanatoka saa ngapi? Mita ya umeme ya LUKU ni ya kwetu peke yetu au ya kuchangia? Mtoto wa darasa la pili atafika shuleni kwa miguu bila kuvuka barabara kuu? Safari hii jibu la swali lao lilikuwa Tanga. Majibu ya maswali yangu ikabidi niyafuate mwenyewe.

Tulikuwa Arusha, ambako mwezi wa saba unalala na blanketi mbili na soksi juu, tukaambiwa tushuke pwani, zaidi ya kilomita 400. Jina la kikosi siandiki, wala kilipo siandiki. Mlioolewa na askari mnajua sababu, na wengine haiwapunguzii kitu.

Niseme msimamo wangu mapema, maana mawifi zangu wanauita ukaidi: nyumba ya familia ya askari haichaguliwi kwa ajili ya askari. Askari hakai nyumbani. Leo yuko zamu, kesho zoezi, keshokutwa kozi ya miezi, na ukianza kumzoea jina lake linatokea kwenye orodha ya misheni ya kulinda amani nje. Kwenye kota tulikotoka walikuwapo waume waliopita Darfur, Kongo, Lebanon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na wake zao ndio waliobaki wakihangaika na bomba lililopasuka na mtoto mwenye homa saa nane za usiku. Kwa hiyo mume wangu akipima umbali kuanzia getini kwa kambi, mimi napima kuanzia jikoni. Yeye ana pikipiki.

Kuna watakaouliza kwa nini tusikae kota yakaisha. Kwanza, kota hazitoshi. Jambo hilo halikuanza jana wala si siri. Ndiyo maana Serikali ilikopa China kwa ajili ya mradi wa nyumba 10,000 za wanajeshi, awamu ya kwanza ikiwa nyumba 6,064, na Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopangiwa. Hata hivyo askari anayeripoti leo anakuta majina mbele yake. Tuliambiwa tusubiri. Subirini ya jeshini haina tarehe.

Pili, na hili nalisema kwa mapenzi kwa sababu nimelea watoto kota na sijuti: kota ina vyeo vya aina mbili, cha mume na cha mke. Hakuna kanuni iliyoandikwa, lakini kwenye kikao cha kina mama mke wa koplo anajua kiti chake kilipo, na mke wa meja anajua kwamba mwenzake anajua. Sasa mimi ni fundi cherehani. Kule tulikotoka nilimshonea mke wa mkubwa mmoja gauni la kitenge, mikono ya puto, pindo la lesi, na bitana ya kuteleza iliyonilaza macho kwa sababu kila nikipiga mshono inakimbia. Lilimkaa vizuri mno. Akalivaa harusini, akapita nalo mbele ya mlango wangu, akanisifia mbele za watu. Hela je? Ningeanzia wapi kumdai, na mume wangu anampigia saluti mume wake? Nilingoja, mwisho nikalihesabu gauni lile kuwa mchango wangu katika ulinzi wa taifa.

Halafu kuna wateja wa nje. Mtu hawezi kuja kambini na kitambaa chake mkononi hivi hivi. Getini ataulizwa anakwenda kwa nani, ataandikishwa, nitapigiwa simu niende kumpokea. Nani atayapitia yote hayo kwa ajili ya kupunguza suruali kiunoni?

Sikatai mazuri ya kota. Presha ya mwenye nyumba huna. Usiku unalala fofofo. Watoto wanacheza mpaka jua linazama bila mtu kushika roho, na ukiugua, jirani ni mke wa askari mwenzako, haulizi maswali, anabeba mtoto wako anaondoka naye. Kama mumeo yuko mbioni kwenda misheni, una kichanga mgongoni, na kota imepatikana, ingia. Usinisikilize mimi.

Kwetu haikupatikana, kwa hiyo ni uraiani.

Kabla ya nyumba ilitubidi tumalize habari ya shule, na hapa ndipo familia nyingi za askari zinapojikwaa, kwa sababu jeshi halina kalenda moja na Baraza la Mitihani. Binti yetu mkubwa yuko darasa la saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa Septemba, na shule zikishasajili watahiniwa, kumhamisha mtoto ni kumtafutia balaa. Yeye amebaki Arusha kwa mama yake mdogo mpaka amalize. Alilia, mimi nikalia zaidi, na baba yake akatoka nje kukagua tairi la pikipiki ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mdogo wake wa darasa la pili tumekuja naye. Kwake ilikuwa ni kuhakikisha namba yake ya PREM, ile ya kumtambulisha mwanafunzi, ipo sawa, jina limeandikwa kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na shule ya kupokea ina nafasi. Ukiwa na mtoto wa darasa la nne kumbuka upimaji wa Oktoba, na wa kidato cha pili na cha nne ni Novemba. Mtoto wa darasa la tatu au la tano ndiye anayehamishika bila kelele.

Mume wangu akatangulia kuripoti, mimi nikafuata kwa basi mwezi wa pili. Njia inakuteremsha Moshi, Same, Mombo, Korogwe, hadi Segera, pale ambapo basi linaiacha barabara ya Dar na kukata kushoto kuelekea Hale na Muheza. Ukianza kuona machungwa yamepangwa kando ya barabara, sweta la Arusha limeshakuwa adhabu. Stendi ya Kange alinipokea dada mmoja tuliyekaa naye kota miaka ya nyuma. Mumewe alihamishiwa Tanga kabla yetu. Aliniangalia nilivyolowa jasho, akacheka, akanipa ushauri ambao umenisaidia kuliko madalali wote.

“Shoga, nyumba ya Tanga usiitazame asubuhi. Asubuhi zote nzuri. Njoo uitazame saa nane mchana.”

Nikafanya hivyo. Kuanzia Desemba hadi Machi ndio msimu wa kaskazi, na joto lake si la kusimuliwa. Nyumba yenye bati lisilo na dari, saa nane mchana, inakupika kichwa ukiwa umesimama sebuleni. Unaisikia misumari ikilia kwa kutanuka. Nyumba ile ile ingekuwa na dari, na madirisha yanayopokea upepo wa baharini upande mmoja na kuutoa upande wa pili, ungeweza kukaa na kushona. Nilianza kubeba uzi mmoja mwepesi kwenye pochi. Nikiingia chumbani nauning’iniza dirishani, mlango wazi. Uzi ukitulia wima kama askari wa paredi, naaga.

Dalali wangu wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, ananiita “mama” kwenye sentensi moja na “shemeji” kwenye inayofuata, baada ya kusikia mume wangu ni askari. Hela yake ya kuzungusha alichukua kabla hatujazunguka. Alinianzishia Kange, karibu na stendi, kwenye nyumba mpya kabisa: vigae chini, choo cha ndani, ua mpana wa kufuga hata kuku. Bei akaisindikiza na bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani hapa Tanga. “Mama, wageni wanakuja, mwakani huipati kwa bei hii.” Nikamwambia mimi bado sijayaona hayo mafuta, mbona kodi yake imeshafika?

Mume wangu aliipenda nyumba ile papo hapo, kwa sababu ya ua na kwa sababu nyingine ambayo nikiitaja nitakuwa nimetaja kikosi kilipo. Mimi nikaomba tukae mpaka jioni. Giza lilipoingia nikaona nilichotaka kukiona. Kushoto kiwanja kitupu, kulia nyumba imeishia kwenye lenta, mbele mtu amejenga lakini anaishi Dar. Mchana pale ni patulivu, ila utulivu wa mchana ni mzuri kwa mtu ambaye saa mbili za usiku mumewe yumo ndani. Nikamuuliza, “Ukienda kozi, nikipiga kelele hapa nani atatoka?” Akazunguka ua mara nyingine, akarudi, akasema twende.

Pongwe tulipita tu. Ni mbali kwa mtu wa biashara ndogo, nauli ya kufuata zipu na vifungo mjini ingemaliza faida.

Raskazone ni habari nyingine. Miti mikubwa, upepo, bahari hapo hapo, Hospitali ya Bombo upande ule ule. Uzi wangu dirishani ulicheza ngoma. Nyumba nyingi ni kubwa za zamani na bei zake si za mshahara wetu, lakini tulionyeshwa kibanda cha uani cha vyumba viwili, kisafi. Kilichonishinda ni kutu. Nondo za dirisha zilikuwa zimeliwa mpaka zimebaki nyembamba katikati, bawaba za mlango zinaacha unga mwekundu mkononi. Cherehani yangu ni ya chuma, ya miguu, mali niliyoinunua kwa jasho kabla sijaolewa. Sindano zenyewe ukiziacha wazi karibu na bahari zinashika madoa, na sindano yenye doa inachora mstari kwenye satini nyeupe ya bibi harusi. Wenye kazi za ofisini wakae Raskazone wafaidi upepo. Fundi akae nyuma kidogo.

Moyo wangu ulianguka Ngamiani. Niwe mkweli, ningekuwa sijaolewa na mwanajeshi ningekuwa Ngamiani mpaka leo. Mitaa imepangwa kwa namba, barabara ya ngapi sijui na ya ngapi, mgeni hapotei hata akitaka. Nyumba za Kiswahili zenye korido katikati na vyumba pande mbili, kibaraza mbele, baiskeli zimeegemezwa ukutani. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri hatua tatu kutoka kitandani. Soko la Mgandini halipo mbali, maduka ya vitambaa unakwenda kwa miguu. Kibaraza kimoja nilichoonyeshwa kilikuwa kimekaa kama kimechorwa kwa ajili ya fundi: kivuli kuanzia saa sita, watu wanapita mfululizo, jirani anauza juisi ya ukwaju. Nilishaanza kuona pa kutundika sampuli.

Tatizo likawa kamba ya kuanikia nguo.

Nyumba ile ilikuwa na wapangaji kila chumba, na ua ni wa wote. Mume wangu ana kombati. Kombati zinafuliwa, na zikifuliwa zinaanikwa. Agosti 2023 Jeshi liliwapa raia siku 7 wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema hakusikia. Sasa uanike sare kwenye ua wenye njia ya kutokea nyuma, watu kumi wanaingia na kutoka, siku kombati moja ikiondoka na upepo nani ataeleza? Mume wangu ndiye atakayesimama mbele ya mkubwa wake, na maelezo ya “ilikuwa kambani” hayajawahi kumsaidia mtu. Nilipendekeza tuanike chumbani. Kombati ni nguo nzito, na kwa unyevu wa Tanga isipopigwa na jua inanuka. Tukaachana na Ngamiani.

(Kwa mafundi wenzangu: bado wapo wateja wanaoleta kitambaa cha mabaka wakitaka kaptula ya mtoto au kofia. Nakirudisha mkononi mwao kabla hakijagusa meza. Mtu asikudanganye kwamba cha dukani si sawa na cha jeshi. Sheria haitazami risiti.)

Hivyo orodha yangu ikawa imejiandika yenyewe kwa kukataa. Nyumba yenye ua uliozungushwa. Iwe mtaani penye watu, si porini. Kibaraza au chumba cha mbele kinachotazama njia. Nyuma kidogo ya bahari. Kituo cha afya cha kufika kwa miguu, maana mdogo wetu ana kifua. Getini kwa kambi kukawa namba ya mwisho, na mume wangu alipouliza kwa nini, nikamwonyesha pikipiki.

Dalali wa pili alikuwa mzee, hana maneno mengi, anatembea na baiskeli yake kwa kuikokota ili twende sambamba. Yeye ndiye aliyetupeleka Makorora. Hapo nilichelewa makusudi, na nikakagua kama ninavyokagua nguo ya mteja msumbufu, kwa kuigeuza ndani nje.

Kuta kwanza. Pwani usitazame rangi, tazama chini, futi mbili za mwanzo. Rangi ikiwa imevimba na ukikwangua kwa ukucha inadondoka unga mweupe, hiyo ni chumvi inapanda, labda mchanga uliojengea haukuwa mzuri, labda ardhi yenyewe. Utapaka rangi kila mwaka na godoro linalogusa ukuta litaoza. Nyumba nyingine, nisiyosema mtaa wake, ilikuwa imepakwa rangi mpya chini tu, mkanda wa kahawia uliokatwa kwa rula. Wenye haraka wangeuona urembo. Nyuma ya mlango wa stoo mpakaji alisahau, pakabaki mstari wa tope ulionyooka sawasawa na goti langu. Maji ya masika yalishawahi kulala humo. Masika ya Tanga yanakuja kati ya Machi na Mei, sisi tulikuwa mwezi wa pili. Tungeingia ndani na mvua inatufuata.

Hii ya Makorora kuta zilikuwa kavu. Ni nusu ya nyumba: upande mmoja anaishi mwenyewe mama mwenye nyumba, bibi wa makamo aliyestaafu, upande wa pili vyumba viwili, sebule na jiko. Ua una ukuta wa tofali kwa pande zote na geti la bati. Nilifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu. Maji ya Tanga yanatoka Mto Zigi, bwawa la Mabayani, na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya hapa iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa watu, ili kupanua huduma, jambo ambalo dalali mzee alilieleza kwa fahari kana kwamba ameinunua yote yeye. Mimi nikatoka nje nikamuuliza mama wa genge. Bomba linaweza kutoka siku moja kwa bahati, ila mama wa genge anaosha mchicha kila siku. Akasema yapo, yakikatika wanatangaziwa. Nikamuuliza na lile swali ambalo dalali halipendi: aliyehama alihama kwa nini? Aliolewa Pangani. Nikashukuru Mungu.

LUKU ilikuwa yetu peke yetu. Hilo ni zito kwa fundi, kwa sababu pasi yangu inakula umeme, na nimeshagombana na wapangaji wenza huko nyuma juu ya nani katumia uniti ngapi. Nikauliza habari ya kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida. Si pesa ya kuvunja nyumba, lakini jengo si langu. Bibi akafikiri, akasema atanipunguzia kwenye kodi mwisho wa mkataba. Tukaandika.

Kasoro ilikuwa moja, ndefu. Mnazi. Ulikuwa umeinama kutoka kwa jirani, kichwa chake chote kiko juu ya bati letu, na nazi zimekomaa. Watu wa bara mnaona mnazi mnaona picha ya likizo. Mimi niliona kitanda cha mwanangu, bati la geji nyembamba, na nazi kavu inayodondoka saa tisa usiku. Nikamwambia bibi kwa adabu kwamba nyumba nimeipenda ila siingii mpaka mnazi upande wetu uanguliwe. Hakukasirika. Akamwita mkwezi mbele yangu, wakapatana na jirani, na jioni ile tukala wali wa nazi kwa nazi ambazo zingetuua.

Wakati mkwezi yuko juu, bibi alinikalisha barazani. “Kaa upande huu mwanangu, huko kuna jua.” Akanihoji. Kwetu wapi, watoto wangapi, mume anafanya kazi gani. Hapo huwa nasita. Ukisema mume ni askari, mtaani kuna watu wa namna mbili. Wapo wanaorudi nyuma, hata mtoto wako hawachezi naye. Wapo wanaosogea sana, na hao ndio wa kuogopa: kabla hujamaliza mwezi mmoja atakuja mtu na kesi ya deni au ya mpaka wa kiwanja, anataka “shemeji aje na gwanda asimame tu pale, asiseme kitu.” Nilimwambia bibi ukweli wake, na nikamwambia pia kwamba mume wangu akivuka geti hili ni mume wa mtu, hatishi wadaiwa wa mtu. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema yeye hana anayemdai. Akanyamaza kidogo, akasema, ila yupo anayemdai yeye, na kama siku moja akija shemeji apite tu hapo getini. Nikajua tutaelewana.

Bei alitaka laki moja na themanini, tukaishia laki na nusu, miezi sita mbele, na dalali akapata mwezi wake mmoja. Kikabaki kipengele ambacho mimi sisaini mkataba bila hicho, na nawaomba wake wa askari wote msisaini. Kodi ya miezi sita ikilipwa na uhamisho ukatoka mwezi wa pili, miezi minne inakwenda wapi? Bila maandishi, inakwenda kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo niliandika mwenyewe kwa mkono: mpangaji akipata uhamisho wa kikazi, ataonyesha barua, atatoa taarifa ya mwezi mmoja, na kodi ya miezi isiyokaliwa itarudishwa, au mpangaji ataleta mtu mwingine anayekubalika aimalizie. Huko nyuma kuna wenye nyumba walionikatalia kipengele hiki, nikawaachia nyumba zao.

Mume wangu alikuwa na wasiwasi bibi atachukia, maana tayari tulishamkwea mnazi na kumpunguzia bei. Bibi alivaa miwani, akaisoma mistari ile polepole, mara mbili, kidole kikifuata maneno.

“Ndiyo Tanga hiyo,” akasema. “Waja leo waondoka leo. Lakini na mimi naandika cha kwangu.”

Akachukua kalamu. Baada ya Idi mjukuu wake anaolewa, na kuna sare za dada na shangazi za kushonwa, kumi na kitu, na fundi wa mtaa aliyemzoea amehamia Muheza. Kipengele chake kikasema kwamba uhamisho ukitoka kabla ya harusi, mpangaji mwanamume anaruhusiwa kuondoka wakati wowote Serikali itakapomwita, ila mpangaji mwanamke hatoki Makorora mpaka sare ziishe, na malipo ya kushona yatakatwa kwenye kodi kwa bei ya kawaida, si bei ya jirani. Nilimuuliza hiyo “si bei ya jirani” ni kwa faida ya nani. Akasema ya kwangu, maana anawajua watu wake.

Tukampelekea mwenyekiti wa mtaa. Alisoma, akamtazama mume wangu kwa huruma, akapiga muhuri. Vitambaa vyenyewe bibi bado hajanunua.